Shati la Marehemu Baba na Koti la Karume

Jamani, swali la nguo nanunua wapi limekuwa wimbo. Mimi nalipwa kwa stori, na ikichapwa, lakini nikitumwa kwenye mkutano wa wakubwa lazima nifanane na mtu wa kuulizia swali. Jibu ni Karume, tena asubuhi mapema, belo likikatwa kamba.

Nembo siangalii kwanza. Nageuza nguo nje ndani, natazama mishono, kwapa na pindo. Pindo nene ni akiba, suruali inaweza kushushwa. Kiuno nacho fundi anakibana dakika chache tu. Mabega ndiyo kesi: kulipunguza bega la koti ni kufumua mikono, pedi mpaka bitana, na utadaiwa zaidi ya ulivyonunulia. Koti langu jeusi nililipata kwa 6,000, la kiume, bega limekaa lenyewe. Nilibadilisha vifungo tu.

Wazee wetu walikuwa wakiita mitumba kafa Ulaya. Siku hizi hatuoni aibu, ila hoja ya viwanda haijafa. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kubana nafuu ya soko la AGOA, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia kodi yake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo. Mimi moyoni niko na Rwanda, mfukoni niko Karume. Sijui nifanyeje na hilo.

Sasa shati. Baba alipofariki, baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa kama ilivyo desturi. Moja mama aliificha sandukuni: shati la kitenge cha Urafiki, kiwanda kile cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kitambaa kizito, kimefuliwa miaka na rangi bado ipo. Mwezi uliopita akanipa, bila hotuba.

"Chukua mwanangu, panya wasije wakalirithi wao. Kata utakavyo. Ila mfuko usiguse."

Mfuko una doa la wino wa kalamu yake. Baba alikuwa mwalimu.

Nikalipeleka kwa fundi. Tukakubaliana apunguze ubavuni, akate mikono ifike kwenye kiwiko, kola ageuze upande wa ndani maana wa nje umechakaa. Akaanza na mfuko, mkasi mkononi.

"Dada, hili doa halitoki. Nikutolee?"

"Acha hapo hapo, fundi."

"Watu watasema hukufua."

"Waseme."

Akanitazama, akacheka, akaendelea na kola.

Nimelivaa mara mbili kazini, na sketi nyeusi na lile koti juu. Mama hajaliona bado. Anakuja Jumapili, na mimi nimeshalipiga pasi tangu Alhamisi.