Askari wa Shaba na Mpagazi Asiye na Jina

Nyumba ya askari haikosi shaba. Iko beji ya kofia, viko vifungo vya koti la gwaride, liko bizimu la mkanda. Na mke wa askari, hata kama hakupata kusoma elimu ya madini, ajua vema kwamba kitu hicho hakitaki uvivu. Kiache majuma mawili katika unyevu wa masika, kitafifia na kuwa kama sufuria la zamani; kisugue kwa kitambaa na dawa yake, kitakurudishia uso wako kama kioo. Mimi niliolewa na polisi, na kwa miaka mingi Jumapili jioni nyumbani kwetu ilinuka dawa hiyo. Pengine ndiyo sababu, nilipoanza kusoma habari za sanamu za shaba, sikuona kwamba najitia katika mambo ya wakubwa wa majumba ya makumbusho. Niliona nasoma habari za jamaa wa mbali wa vifungo vile.

Jamaa, nasema, si ndugu wa tumbo moja. Vifungo vyetu ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Sanamu kubwa za kale nyingi zilifanywa kwa shaba nyeusi, ambayo wengine huiita bronzi: shaba nyekundu sehemu tisa hivi, na bati sehemu moja. Bati ninalolitaja hapa si lile la kuezekea nyumba, bali ni madini yenyewe, laini na meupe. Ajabu ya mchanganyiko huo ni kwamba viwili vilivyo laini vikikutana huzaa kimoja kilicho kigumu. Tena bronzi huyeyuka kwa moto mdogo kuliko shaba tupu, hutiririka vizuri na kuingia katika kila kifinyo cha kalibu, hata mkunjo wa jicho na ukucha wa kidole ukaonekana. Ikipoa na kukaa nje miaka mingi hupata utando wa kijani. Mama mwenye bidii angetamani kuusugua utoke, lakini asiuguse, maana utando huo ndio ngozi inayoilinda shaba iliyo chini yake.

Njia ya kuisubu sanamu ni ya zamani mno, na mwanamke anayejua kufinyanga chungu ataielewa mara moja. Fundi hutengeneza kiini cha udongo, akakipaka nta ya nyuki, na katika nta hiyo akachonga sura aitakayo. Kisha huifunika nta yote kwa udongo laini, tabaka juu ya tabaka, akiacha vijitundu. Udongo ukikauka hutiwa motoni. Nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha nafasi tupu yenye umbo lake. Katika nafasi hiyo humiminwa shaba inayochemka. Ikishapoa, fundi huuvunja udongo, na sanamu ikatokea. Nta imepotea, kalibu imevunjika, na kama shaba haikuingia vema, kazi yote yarudi mwanzo. Kwa njia hii mafundi wa Mohenjo-daro, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, walimfanya binti mdogo mwenye bangili tele mkononi, urefu wake sentimita kumi na kidogo tu, yapata miaka 4,500 iliyopita. Yungali amesimama, mkono mmoja kiunoni, kama msichana aliyechoka kungoja zamu yake bombani.

Wala Afrika haikuwa nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mtu mmoja wa Igbo-Ukwu, kusini-mashariki ya Nigeria, alikuwa akichimba shimo la kuwekea maji nyumbani kwake, akakuta vyombo vya bronzi vilivyonakshiwa kwa ustadi wa kushangaza. Wataalamu walivihesabu kuwa vya karne ya 9. Katika mji wa Benin, mafundi wa mtaa wa Igun walimfanyia kazi mfalme wao, Oba, kwa karne nyingi. Na msomaji mwenye jicho la kijeshi angepata mengi katika vibao vyao vya ukutani. Wamo makamanda na ngao na panga zao, wapiga tarumbeta, wamo na Wareno wenye bunduki. Vingi vya vibao hivyo, ingawa dunia huviita bronzi, kwa kweli ni shaba ya manjano, ileile ya vifungo vyetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba shaba nyingi ya kazi hizo ilitoka upande wa mto Rhine huko Ujerumani, ikaletwa na wafanyabiashara wa Ulaya katika sura ya bangili nzito, zilizotumika kama fedha, hata katika kununua watumwa. Mwezi wa Februari 1897 majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Benin, na maelfu ya kazi hizo yakachukuliwa na kutawanywa. Mwaka 2022 Ujerumani ilianza kurudisha baadhi yake Nigeria. Mtaa wa Igun, kwa furaha yangu, haukungoja kurudishiwa kitu. Mafundi wake wangali wakisubu mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Shaba hii inayosifiwa kuwa ya milele ina adui mmoja, naye si mvua wala kutu. Adui yake ni tanuri. Kile kiwezacho kuyeyushwa kikawa sanamu chaweza pia kuyeyushwa tena kikawa mzinga, na wafalme wamelijua hilo siku zote. Watu wa kisiwa cha Rhodes, walipozingirwa na Demetrius mwaka 305 kabla ya Kristo wasishindwe, waliuza mitambo ya vita aliyoiacha, na kwa fedha hizo wakamsimamishia mungu wao wa jua sanamu ya bronzi yenye urefu wa mita zaidi ya 30. Huko vita vilizaa sanamu. Katika mji wa Milan mambo yalikwenda kinyume: Leonardo da Vinci alikwisha kuumba kwa udongo farasi mkubwa mno, na shaba ya kumsubu ilikuwa imewekwa tayari, lakini mwaka 1494 shaba hiyo ikapelekwa kufanyiwa mizinga. Miaka mitano baadaye wapiga mishale wa Ufaransa walilifanya farasi lile la udongo shabaha ya mazoezi. Hata katika Vita Kuu ya Pili, sanamu nyingi za Paris ziling'olewa na kuyeyushwa kwa haja ya madini.

Ndiyo maana sanamu za bronzi za Wagiriki wa kale zilizobaki ni chache, na nyingi katika hizo ziliokolewa na bahati mbaya. Mwezi wa Agosti 1972 mzamiaji mmoja aliona mkono ukitokeza katika mchanga chini ya bahari, karibu na Riace, kusini ya Italia. Walikuwa wapiganaji wawili wa bronzi, warefu kuliko mtu wa kawaida, kazi ya karne ya 5 kabla ya Kristo, midomo yao ya shaba nyekundu, na mmoja wao ana meno ya fedha. Walipotea baharini, na kupotea huko ndiko kulikowaokoa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwapeleka tanurini. Kwa hiyo kila nionapo sanamu ya shaba imesimama barabarani, najua kwamba watu wa vizazi vingi, wenye njaa ya risasi au ya fedha, waliitazama wakaamua kuiacha. Tusidhani kwamba uamuzi huo umekwisha kutolewa mara moja kwa siku zote.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki shaba ya barabarani imekuwa ya askari tangu mwanzo, na hapo mambo yanatugusa sisi wa kambini. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya bronzi ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Bwana alisimama juu, na chini ya miguu yake alikuwako askari Mwafrika, akimtazama kwa kuinua uso, naye akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Waingereza walipoutwaa mji katika Vita Kuu ya Kwanza waliing'oa sanamu hiyo wakaipeleka kwao. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, nao wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo haikurudishwa mahali pake.

Mwaka 1927 ikazinduliwa Dar es Salaam sanamu nyingine, ile inayosimama hadi leo katika barabara ya Samora: askari Mwafrika peke yake, bunduki mkononi, singe yake ikielekea bandarini. Aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na mkono wake ndio uliofanya pia sanamu za Mombasa na Nairobi. Yule aliyekuwa miguuni pa bwana sasa amepanda juu ya jiwe mwenyewe. Hata mimi, nisiye na sababu ya kuwasifu watawala wale, nakiri kwamba hilo si jambo dogo.

Nairobi niliifika kwa arusi ya jamaa yetu, nikaomba nipelekwe barabara ya Kenyatta niwaone. Pale wamesimama watatu: mmoja ni wa Keya, kikosi kilichochukua vijana wa Kenya, Nyasaland, na wa kwetu Uganda pia, mwingine ni wa kikosi cha Waarabu, na wa tatu hana bunduki. Huyo ni mpagazi. Nilisimama mbele yake kuliko mbele ya wenzake, na mwenyeji wangu akadhani nimechoka na jua.

Baba wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kutoka kijiji chetu, mashariki ya Uganda, akapelekwa kubeba mizigo ya jeshi katika nchi ya Wajerumani. Hakurudi. Haikuja barua wala mshahara, wala mtu aliyesema nilimzika mahali fulani. Babu yangu alikuwa mtoto wa kunyonya, na mpaka uzee wake hakupata kutambika vizuri, kwa kuwa mtambiko wataka kaburi. Katika vita vile wapagazi wapatao milioni moja walitumikia upande wa Uingereza na washirika wake, na kwa hesabu iliyozoeleka zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimelirithi jina la kikosi chao. Watu hununua nyanya na vitenge humo kila siku, na wachache hukumbuka.

Na lililo zito zaidi ni hili. Sanamu zile tatu hazikuwekwa kuongeza heshima juu ya makaburi. Ziliwekwa badala ya makaburi. Baada ya vita wakuu waliamua kwamba makaburi ya wapagazi yaachiwe msitu uyafunike, wala majina yao yasichongwe popote, maana sanamu ingewatosha wote kwa pamoja. Maandishi ya chini yake, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanamwahidi afaye kwa ajili ya nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nililizunguka jiwe lote nikitafuta jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwenyeji wangu, mtu wa maneno machache, alinichukua kwa miguu mpaka barabara ya Kimathi, si mbali. Pale yuko Dedan Kimathi wa bronzi, aliyezinduliwa mwaka 2007, bunduki mkononi. Waingereza walimnyonga mwaka 1957 na kumzika gerezani Kamiti pasipo alama. Naye hana kaburi linalojulikana, ila jina lake liko pale, na kila dereva wa matatu analitaja mara mia kwa siku. Nililinganisha. Ustadi wa shaba, nionavyo, haukupishana sana. Na kwa uso wenyewe huenda mpagazi wa Stevenson amenigusa zaidi. Tofauti ni kwamba huyu wa pili alisimamishwa na watu waliojua jina lake na waliotaka litajwe.

Kwetu Kampala hatuna wa namna hiyo. Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, kazi nzuri ya Gregory Maloba, ni ya saruji, na saruji ina uzuri wake, tena haimtamanishi mwizi wa vyuma chakavu. Silalamiki. Shaba ni ghali, na familia moja haiwezi kumsubu mzee wake.

Niliporudi nilikwenda kwa shangazi yetu mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyesalia mwenye kulijua jina lote, la ukoo na la nyumbani, nikamwomba alitaje polepole. Sasa limeandikwa katika daftari la nyumba yetu, katika ukurasa wa mbele, juu ya majina ya watoto na tarehe za chanjo zao. Mbele ya jina nimeandika mwaka 1917. Pale panapotakiwa mahali pa kaburi mume wangu alitaka tuandike Nairobi, kwa sababu ya sanamu. Shangazi akakataa, nasi tumepaacha wazi.