Kumbe baba hakuwa amelewa

Msomaji mpenzi, je, umewahi kumhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, kisha ukaujua ukweli yeye akiwa tayari kaburini? Katika jamii yetu jambo hilo limetufika. Na ukweli wenyewe hatukuupata kwa wazee wa ukoo, bali chini ya gari kuukuu katika gereji ya jua kali jijini Nairobi.

Marehemu baba alikuwa mwalimu. Mwaka wa 1989 alinunua gari dogo la spoti aina ya MGB, lililoundwa Uingereza mwaka wa 1966. Lina viti viwili tu na paa la turubai. Majirani walimcheka: mwalimu mwenye watoto wanne na gari la viti viwili!

Basi, Jumapili moja mwaka wa 1996, baba na mama walikuwa wakiteremka ile barabara ya zamani ya kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu. Anayeijua hahitaji kuelezwa. Katikati ya mteremko baba alikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni kana kwamba amekanyaga tope. Alirudisha gia, akavuta breki ya mkono na kulisugua gari kwenye ukingo wa mlima. Lilisimama karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia mwaka wa 1942.

Nusu saa baadaye alikanyaga tena. Ajabu ni kwamba pedali ilikuwa ngumu na breki zikashika kama kawaida!

Hapo ndipo mzozo ulipozaliwa. Mama alisema breki haziwezi kuharibika kisha zikajitengeneza zenyewe. Baba alikuwa amepitia kwa rafiki yake Limuru, na mama akakata kauli kwamba alikunywa huko. Baba alikana hadi alipofariki mwaka wa 2011. Mama hakulipanda gari hilo tena.

Mwaka jana niliamua kulifufua. Kila nilipoachilia klachi, nyuma kulilia "ko!" Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee karibu na Barabara ya Kirinyaga. Alinionyesha kwamba magurudumu ya waya hayafungwi kwa nati nne. Huvikwa juu ya habu yenye meno, kisha yakakazwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Meno ya nyuma yalikuwa yameliwa.

"Binti yangu," akasema, "nguvu za injini hupitia kwa meno haya, na nguvu za breki pia. Yakiisha, gurudumu litazunguka lipendavyo."

Tulipata ekseli nyingine ya nyuma kutoka kwa MGB ya miaka ya baadaye iliyokuwa imekufa, yenye magurudumu ya nati. Msomaji, usidhani kubadilisha ekseli ni kama kubadilisha viatu! Ekseli ya magurudumu ya waya ni fupi kidogo kuliko hii, kwa hivyo ilitubidi tubadilishe magurudumu yote manne pamoja na habu za mbele. Shafti inayotoka kwenye giaboksi nayo haikulingana kwa urefu, na kebo ya breki ya mkono vilevile. Pesa nilizoweka za Krismasi zikayeyuka.

Kazi ilipokwisha niliomba ufunguo. Mzee akakataa kunipa.

"Umenunua kwenda. Na kusimama je?"

Alinieleza kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, kazi ya breki huongezeka mara nne. Nami nikajifanya mjuzi, nikataka breki kubwa za mbele kama zile za MGB GT V8 ya 1973 hadi 1976, zenye diski nene zaidi. Akatikisa kichwa. Alisema mtu hujenga msingi kabla ya ghorofa. Tuliweka diski na padi mpya mbele, silinda na bitana mpya ndani ya dramu za nyuma, na mipira yote mipya ya kupitishia mafuta. Kisha akaongeza servo, kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuusaidia mguu. Akanionya kwamba servo haiongezi mshiko wa matairi. Humpunguzia dereva jasho tu.

Ilikuwa wakati wa kumwaga mafuta ya zamani ya breki ambapo moyo wangu ulishtuka. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi.

"Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, kidogo kidogo," mzee akasema. "Ukishuka mlima mrefu ukikanyaga tu, breki hupata moto, na maji yale huchemka yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedali inazama. Na gari hili la 1966 lina mkondo mmoja kwa magurudumu yote manne, kwa hivyo yote hupotea pamoja."

"Na likipumzika, mzee?"

"Ukilipa nusu saa hivi lipoe, mvuke unarudi kuwa maji. Breki zinarudi."

Niliketi juu ya tairi. Jioni nilifungua daftari la baba la matumizi ya gari. Petroli ipo, matairi yapo, oili ya injini ipo. Mafuta ya breki hayakutajwa hata mara moja tangu 1989. Kosa alikuwa nalo, lakini si lile alilohukumiwa.

Nilimkuta mama akichambua maharagwe, nikamsimulia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na mitano," akasema mwishowe. "Alinieleza, mwanangu, nami nikamcheka."

Jumapili iliyofuata alivaa leso yake nzuri na kuketi katika kile kiti cha kushoto. Tuliteremka polepole kwa gia ya pili. Kwenye kikanisa nilikanyaga breki, gari likatulia. Mama aliingia peke yake. Sikumuuliza aliomba nini.

Nawe msomaji, mafuta ya breki ya gari lako yalibadilishwa lini? Yakipita miaka miwili, mwone fundi. Na kama kuna mtu nyumbani anayekana kosa kila siku bila kuchoka, mpe nafasi ajieleze angali hai.