Kinywaji cha Nanasi na Tui la Nazi, na Kosa Letu Darasani



 

Leo tumekusudia kuwaandikia namna ya kutengeneza kinywaji kizito cha nanasi na tui la nazi, kisichokuwa na tone la kileo. Ni kinywaji kinachofaa kwa futari, kwa siku ya Idi, au kwa mgeni aliyebisha hodi wakati wa joto. Lakini hatutawapa vipimo kabla ya kueleza tulivyokijua, kwani tulikijua kwa njia ya kosa, na kosa lilikuwa letu.

Sisi tunasomesha madrasa hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, na umri wetu umeshapita miaka arobaini. Anayeijua Buyenzi anajua kuwa hapa Kiswahili ndio lugha ya mtaani, na joto la upande huu wa Ziwa Tanganyika halina huruma. Siku moja baada ya Alasiri tulikuwa katika somo la fiqhi, mlango wa vyakula na vinywaji. Tulipofika kwenye khamri, mtoto mmoja akanyanyua mkono akasema, "Ustadhi, huyu alikunywa pina kolada kwenye harusi." Akamwonyesha kwa kidole kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa amekaa safu ya mbele. Darasa zima likacheka.

Jina lile tulikuwa tumelisikia. Tulijua kuwa ni pombe ya mahoteli. Basi hatukuuliza. Tulimsimamisha kijana mbele ya wenzake. Akaanza kusema, "Ustadhi, ile ilikuwa..." Tukamwambia anyamaze. Tukasema maneno mengi kuhusu adhabu ya mnywaji na aibu ya mzazi wake, mpaka machozi yakamtoka. Wakati ule tulidhani ni machozi ya toba. Somo lilipokwisha alikusanya vitabu vyake, akatoka bila kutoa salamu. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, na ya pili ikaingia.

Jioni moja baada ya Maghrib mama yake alikuja, amefuatana na mjomba wa kijana. Hakupandisha sauti. Alisema, "Ustadhi, kinywaji kile nilikitengeneza mimi. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, harusi ya Kiislamu, na wewe ulialikwa ukatoa udhuru. Nilitia nanasi, nazi, sukari na barafu. Mwanangu alikuna nazi toka asubuhi mpaka mikono ikamuuma. Je, ulimuuliza kilichokuwa ndani?"

Hatukuwa na jibu. Sisi tunaosomesha Surat al-Hujurat, tunaowahifadhisha watoto aya ya sita inayotutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, sisi wenyewe tuliichukua habari ya mtoto mmoja na kicheko cha darasa, tukahukumu.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kwao. Kijana alitoka, akatupa mkono huku anatazama chini. Tukamwambia, "Mwanetu, tumekudhulumu. Tunakuomba utusamehe kwa ajili ya Allah." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ustadhi, na wao utawaambia?"

Ndugu zetu, swali lile lilitushinda uzito. Kumwomba radhi mtoto sebuleni kwao ni jambo jepesi. Lakini tulimvunjia heshima yake mbele ya watoto thelathini na zaidi, na ilikuwa haki yake arudishiwe mbele ya hao hao. Nafsi ilituambia kuwa mwalimu akijishusha hivyo hatasikilizwa tena. Tukajua kuwa huo ni wasiwasi wa shetani. Siku ya pili tulisimama darasani, tukaeleza kosa letu kwa ukamilifu, tukasema kuwa kijana hakufanya dhambi yoyote na kwamba mwenye kosa ni mwalimu. Hakuna aliyecheka.

Kisha tukaona kuomba radhi peke yake hakutoshi. Lazima na elimu irekebishwe. Tukarudi kwa mama yule tukamwomba amfundishe mama watoto wetu, nasi tukafanya utafiti wa jina lenyewe. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Jina piña colada ni la Kihispania, na maana yake ni nanasi lililochujwa. Halikutaja kileo hata kidogo. Kinywaji chenyewe kilipata umaarufu katika kisiwa cha Puerto Rico, na inasimuliwa sana kuwa mhudumu aitwaye Ramón Marrero ndiye aliyekitengeneza mwaka 1954 katika hoteli moja ya San Juan, ingawa mkahawa mmoja wa mji huo huo nao unadai kuwa ndio wenye asili yake, mwaka 1963. Mwaka 1978 kilitangazwa kuwa kinywaji rasmi cha kisiwa hicho. Wao hutia nanasi, tui zito la nazi lenye sukari, barafu, na juu yake pombe ya miwa iitwayo rum. Hiyo rum ndiyo haramu. Ukitengeneza bila ya rum, kilichobaki ni matunda aliyotujaalia Mola wetu. Tena nazi si mgeni kwetu, kwani asili yake ni upande wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na nanasi ndilo lililotoka Amerika ya Kusini likaja kutamalaki mashambani mwetu.

Wanavyuoni wametufundisha kuwa hukumu hufuata uhakika wa kitu, si jina lake. Na hili lina pande mbili. Katika Hadiyth iliyopokewa na Abu Daawuud, Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha na watu watakaokunywa khamri huku wakiiita kwa jina jingine. Kwa hiyo khamri haihalaliki kwa kupewa jina zuri. Vilevile sharubati ya halali haiharamiki kwa kuitwa jina la kigeni. Sisi tulijua upande wa kwanza tukausahau wa pili. Hata hivyo, kwa kuwa jina lile hapa mjini huwapeleka watu kwenye dhana mbaya, nyumbani kwetu tunakiita sharubati ya nanasi na nazi.

Sasa tuje kwenye vipimo, vya kutosha gilasi sita.

Vipimo:
Nanasi lililoiva vizuri, la kiasi, 1
Nazi zilizokomaa, 2
Ndizi mbivu tamu, ndogo, 2
Sukari, vijiko 3 vya kulia, au kwa kadiri ya utamu wa nanasi
Ndimu, nusu
Chumvi, chembe kidogo tu
Vipande vya barafu, kikombe 1

Namna ya kutayarisha:
Menya nanasi, toa macho na kigogo cha katikati, kata vipande vidogo. Ukiwa na friji yenye sehemu ya kugandisha, vigandishe usiku kucha pamoja na ndizi zilizomenywa na kukatwa. Hii ndiyo siri ya uzito wake, kwani vipande vilivyoganda hukifanya kinywaji kiwe laini kama malai bila ya kuhitaji barafu nyingi, na barafu nyingi huleta umajimaji.

Kuna nazi kwa mbuzi, mimina maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu, kamua kwa nguvu na uchuje. Chukua tui la kwanza tu, lile zito. Tui jepesi liweke kwa wali. Hapa Bujumbura nazi hutujia kutoka Tanzania na mara nyingine ni ghali, basi asiyezipata atumie tui la kopo, lakini asome maandishi yake aone kilichotiwa ndani.

Tia tui, sukari, ndimu na chumvi kwenye blenda, saga kidogo mpaka sukari iyeyuke. Ongeza nanasi na ndizi kidogo kidogo, kisha barafu mwishoni. Saga mpaka kiwe laini. Onja kabla ya kuongeza sukari. Asiyependa nyuzinyuzi achuje kwa chujio la tundu kubwa, na hapo jina lake la Kihispania litakuwa limetimia.

Umeme ukikatika, kama tunavyojua sote, twanga nanasi lisiloganda kwenye kinu, lichuje, ponda ndizi kwa uma, kisha changanya vyote na tui kwenye jagi na utikise. Hakitakuwa kizito sana, ila ladha ni ile ile. Ndivyo mama yule alivyofanya kwa ndoo zake za harusi.

Mambo matatu ya kuzingatia:

La kwanza, wengine hupenda kutia maziwa ya ng'ombe au aiskrimu badala ya tui. Inafaa, lakini nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kikikaa kinywaji huwa kichungu. Ama mnywe papo hapo, au chemsha vipande vya nanasi dakika chache na uviache vipoe kwanza, kwani moto huua nguvu ya kimeng'enya hicho. Tui la nazi lina protini chache, kwa hiyo halina taabu hiyo.

La pili, na hili ndilo kubwa zaidi, msikiache kinywaji hiki nje. Juisi ya nanasi ina sukari nyingi, na katika joto letu huanza kuchacha upesi. Mama wa waumini 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuwa walikuwa wakimrowekea Mtume (S.A.W.) tende asubuhi akanywa usiku, na wakiroweka usiku akanywa asubuhi. Tazameni uangalifu huo! Basi tengenezeni kiasi cha kunywewa siku hiyo hiyo. Kikianza kutoa povu na harufu kali, mwageni wala msionje. Hapo ndipo khamri inapoweza kuingia nyumbani bila ya mtu kuinunua.

La tatu, ukinunua mchanganyiko wa chupa dukani, soma maandishi. Nyingi hazina kileo, lakini zipo zilizokwisha kutiwa rum, na zipo zenye ladha ya rum. Ukikuta lugha usiyoijua, uliza au uiache. Na ukiwa hotelini uliza kabla ya kuagiza, kwani kuuliza si aibu. Aibu tuliipata sisi tusiouliza.

Kisha tukinywe kama Waislamu. Hatuna haja ya kuiga meza za walevi kwa gilasi zao za miguu mirefu na maneno yao ya kugonganisha. Tunakaa, tunasema Bismillaah, tunanywa kwa mkono wa kulia, kwa pumzi tatu, nje ya chombo, kisha tunamshukuru Mola wetu.

Wazazi wenzetu, watoto wetu wanayaona mambo mengi siku hizi katika simu, harusi na shule. Wakitusikia tunasema haramu, haramu kila siku bila ya kuwaonyesha uzuri wa halali, watadhani kuwa Uislamu umewaachia makombo. Na tukiwafokea bila ya kuwauliza, wataacha kutuambia. Mtoto anayeogopa kuulizwa na mwalimu wake ataulizwa na mitaa.

Kijana yule alirudi madrasa, Alhamdulillah. Mwezi uliofuata ulikuwa Ramadhani, nasi tulifuturisha wanafunzi wote siku moja. Mama yake alisimamia tui, sisi tulimenya mananasi, na yeye alikuna nazi pamoja na yule mtoto aliyemsema. Adhana ilipotoka alitugawia tende, kisha akatuletea gilasi ya kwanza, akasema, "Uliza kwanza kilichomo, Ustadhi." Watoto walicheka, nasi tukacheka.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Zamani alikuwa akikaa safu ya mbele, na sasa anakaa ya nyuma karibu na mlango. Hatujamwambia ahame. Tunamwombea dua, na tunasubiri.

Tunamwomba Allah atusamehe sisi na nyinyi, atujaalie tuwe na ndimi zinazouliza kabla ya kuhukumu, na azibariki riziki zetu na vizazi vyetu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.