Kaka wa Saksafoni Hana Shida ya Pumzi, Ni Shingo!

Wadau wa Rock City, kuna kaka anapuliza saksafoni kwenye matarumbeta ya harusi hapa Mwanza, jina naliweka kapuni. Umbea ulivuma kwamba pumzi imekata, eti bia zimemmaliza, na kiongozi wa kundi akaanza kutafuta mtu mwingine. Nilipokutana naye Kirumba nikamshika shingo... ya saksafoni jamani! Skrubu imekazwa mpaka mwisho, shingo bado inacheza.

Pale inapoingia kwenye mwili ndipo upepo ulipokuwa unavuja. Ndiyo maana noti za juu zilitoka freshi ila za chini zinakoroma au zinagoma kabisa. Za chini zinataka bomba zima lizibe toka juu mpaka chini, kiupenyo kidogo tu kinaharibu.

Kuna waliomshauri aipeleke Makoroboi ikagongwe. Aisee, hapana! Mafundi wa pale nawaheshimu kwa koroboi zao, ila nyundo itaitoa shingo kwenye uduara wake. Tulifuta uchafu kwanza, tukazungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba raundi moja. Noti ya chini ikaitika palepale!

Ila tepu ni ya kuvukia Jumamosi tu. Dawa yenyewe ni fundi wa vyombo vya muziki aitanue ile shaba kidogo kidogo kutoka ndani kwa kifaa chake, mpaka ishike pande zote. Kaka anadunduliza hela ya fundi. Kiongozi kaacha kutafuta mbadala, ila ile stori ya bia hakuna aliyeomba radhi.