Mstari wa nne

Hombolo, 9 Januari 2025
Nimefika usiku, siku ya kumi na mbili tangu niondoke Kasaji. Foleni za malori Kasumbalesa na Tunduma zimekula nyingi kati ya hizo. Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ameisomba shaba ya Kolwezi hadi Dar es Salaam kwa miaka tisa, na akiba yake yote sasa imo katika ekari moja ya mizabibu ambayo bado haijapandwa. Nimekula bukari, yaani ugali, kwa mlenda wa Kigogo. Nilipomwita dada "yaya" mbele ya majirani, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, waliuliza analea watoto wa nani: huku yaya ni mlezi wa kuajiriwa. Basi kuanzia kesho ni dada.

10 Januari
Mitaro ya mizabibu. Vijana wanne tangu alfajiri, kina kinapita goti. Ukishuka kidogo tu udongo umeshikamana kama tofali, sururu inaruka. Nilishika sururu saa nzima nikimkumbuka mdogo wangu, aliyeko mashimoni Kolwezi akitafuta mawe ya malakiti, ambaye tangu Novemba hajatutumia neno. Dada naye alikuwa akimfikiria; aliniuliza habari zake mara mbili, kisha akaingia jikoni.

12 Januari
Tumepanda. Mzee wa Kigogo aliyekuja kutuelekeza aliamkiwa "mbukwenyi" na kila mtu, nami nikajifunza. Pingili zimekatwa kwenye mizabibu ya jirani: chini mkato ulionyooka, juu wa mshazari, ili mtu asizipande kichwa chini. Pingili mbili kila shimo, juu ya samadi iliyooza, macho mawili yabaki nje. Nilimwambia kwetu mihogo tunaipanda hivyo hivyo, kipande cha mti na macho yake. "Basi mwanangu, unajua kazi," akasema, akaniachia mstari wa nne wote.

Aina ni Makutupora, nyekundu. Anasema zabibu za Dodoma zililetwa na mapadri wa Bihawana miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa.

15 Januari
Leo mzee kanieleza jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Ulaya baridi huangusha majani na mzabibu unalala. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeamua ni mkulima: akipogoa, mti unaanza upya, na baada ya miezi minne hivi kuna mavuno. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mkasi ndio kipupwe chao.

19 Januari
Jirani aliyetupa pingili alipoteza nusu ya mavuno ya mwaka jana. Mnunuzi aliahidi kuja, hakuja, na zabibu iliyoiva haisubiri. Iliyobaki aliikamua akauza mchuzi wake kwa bei ya hasara. Shemeji alisikiliza bila kusema neno. Mimi niliona hasira: mtu anayechimba mtaro ule kwa mkono anastahili mnunuzi anayetimiza ahadi.

22 Januari
Niliomba pingili kumi za kupeleka nyumbani. Mzee aliniuliza mvua yetu. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka. Kwetu magharibi mwa Lualaba hupita 1,200, na kuanzia Oktoba majani hayakauki. "Ubwiri vinyoya utaumaliza mzabibu kabla haujachanua," akasema. Kisha mpakani wangezichukua. Nimeziacha, na imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Kasaji, 16 Februari
Mvua siku tatu mfululizo. Mchanga wetu unainywa yote. Dada ametuma picha na ujumbe. Karibu mashimo yote 670 yamechipua, majani madogo yenye wekundu pembeni. Mdogo wetu alipiga simu jana kutoka Kolwezi, mzima, nikamsomea ujumbe wote.

Nimemwomba dada auhesabu tena mstari wa nne.