Uzito wa Muda

Igalula iko mashariki ya Tabora, katika nchi waliyoikanyaga wapagazi wa karne ya 19 wakienda pwani na kurudi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Haukuongezwa njiani, walakini bega lililoupokea alfajiri kwa wepesi liliuona jioni kama mlima. Mwendo ulitia uzito usiopimika kwa mizani.

Chuma nacho kina tabia hiyo kikiwa motoni. Chuma baridi kikitwishwa mzigo wa kiasi hunyumbuka kidogo, na mzigo ukitolewa hulirudia umbo lake. Mzigo ukipita kiasi, hupinda kisirudi tena. Lakini joto likifika nyuzi 400 au zaidi, sheria nyingine huingia: mzigo uleule, usiozidi wala kupungua, hukinyosha polepole siku hata siku. Chembe zake huhama, fuwele zake huteleza mipakani, vitundu visivyoonekana huzaliwa na kuungana, mwisho ufa hutokea. Mwaka 1910, miaka miwili kabla ya reli kufika Tabora, Edward Andrade alitoa Uingereza utafiti wake juu ya kutambaa huko kwa metali.

Jambo hili si la vitabuni tu. Sehemu ya umeme wa Tanzania hutoka Kinyerezi, Dar es Salaam, ambako gesi asilia huzungusha mitambo. Mapanga ya mitambo hiyo hupigwa na gesi yenye joto lipitalo nyuzi 1000, na huku mzunguko ukiyavuta nje kwa nguvu kubwa. Chuma kitupu kisingestahimili. Kwa hiyo hutumiwa aloi ya nikeli, iliyochanganywa na kromi, alumini na metali nyingine. Ndani yake punje ndogo mno za nikeli na alumini huzuia tabaka za fuwele zisiteleze. Hata hivyo huzuia kwa muda, wala si milele. Panga likirefuka kidogo tu hukwaruza ukuta wa mtambo. Likikatika huangamiza mengine.

Ndiyo sababu mafundi huhesabu saa za kazi, hupima, na kuondoa panga ambalo kwa macho lingali zima. Mtu asiyejua huona hasara. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na chuma kilichostahimili jana hakikutoa ahadi ya kesho. Anayepima mzigo bila kupima muda amepima nusu.