Hofu na Dungu

Hofu ya simba katika bonde la Rufiji si hadithi ya kutishia watoto. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania, na Rufiji, wakati huo ikiwa pamoja na Kibiti, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizodhurika sana. Amwambiaye mkulima wa huko asiogope humtukana. Na aulize kwanza: simba hufuata nini shambani? Wataalamu walijibu: nguruwe mwitu. Nguruwe hufuata mpunga na mahindi. Mkulima hulala dunguni kulinda jasho lake. Simba amkosapo nguruwe humkuta mtu. Tena ilionekana kuwa mashambulio huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, usiku uingiapo kabla mwezi haujachomoza.

Basi dawa ya hofu si mahubiri. Ni kuzuia nguruwe, kuimarisha dungu, na kujua usiku wa kujihadhari zaidi. Hofu iliyofunzwa huwa hadhari, na mwenye hadhari hana haja ya kumtegea simba sumu. Atakaye simba aishi, na ahakikishe kwanza mkulima analala salama.